Sindano na Kazi: Historia Fupi ya Ushonaji wa Nyumbani Katika Miji ya Katanga

Utangulizi

Neno "kazi" lina uzito wa pekee katika Kiswahili cha Katanga. Johannes Fabian alilichunguza katika makala aliyoyachapisha mwaka 1973 juu ya wafanyakazi wa eneo hili wazungumzao Kiswahili, na tangu hapo wataalamu wengi wamelirudia. Katika mazungumzo ya kila siku ya miji ya migodi, kazi ni ile yenye mwajiri, yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, na yenye siku ya malipo. Mtu anayelima shamba lake tangu alfajiri hadi jua kali anaweza kusema kwamba hana kazi. Vivyo hivyo, ukimwuliza mtoto mama yake anafanya kazi gani, huenda akakujibu: "Mama hana kazi, anashona tu."

Makala haya yanahusu neno hilo dogo "tu". Yanakusudia kuonyesha kwamba ushonaji wa nyumbani, yaani ule wa foronya, vitambaa vya meza, mapazia na nguo za watoto wachanga, una historia yake katika Katanga, na kwamba historia hiyo haiwezi kutengwa na historia ya mgodi. Hoja yetu ni hii: sindano ilifundishwa kwa wake za wafanyakazi ili wakae nyumbani wala wasitafute kipato, lakini mshahara wa mume ulipokauka, sindano hiyo hiyo ikawa miongoni mwa nguzo zilizoizuia nyumba isianguke. Lugha, hata hivyo, imechelewa kuyakiri mabadiliko hayo.

1. Nyuzi za kale

Si sahihi kudhani kwamba watu wa nchi hii walianza kushona siku walipoonyeshwa sindano ya chuma na watawa au mabibi wa Kizungu. Katika Kasai, Maniema na sehemu za Katanga, nyuzi za mwale zilifumwa kuwa vitambaa vilivyovaliwa, vilivyotolewa mahari na vilivyotumika kama fedha. David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwaka 1871, alivikuta vitambaa vya namna hiyo vikiuzwa sokoni pamoja na vyakula na vyombo vya chuma.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni ule wa Wakuba wa Kasai. Huko wanaume ndio hufuma kitambaa cha mwale kwenye kitanda cha mfumi, na wanawake ndio hukitarizi. Mtarizi hupitisha uzi chini ya nyuzi za kitambaa, huukata karibu na uso wake, na ncha zilizokatwa husimama kama manyoya mafupi. Hachori kwanza, hufuata nyuzi na kumbukumbu yake mwenyewe. Sketi ndefu zilizounganishwa kwa vipande vingi hutunzwa kama mali ya ukoo, na nyingine huvishwa maiti siku ya mazishi. Ni vema tukumbuke jambo hili tutakapofika kwenye kitambaa cha meza: mwanamke aliyetoka Kasai kumfuata mumewe mgodini hakutoka katika nchi isiyojua sindano. Alitoka katika nchi ambamo mshono wa mwanamke ulihesabiwa kuwa utajiri.

Katika karne ya 19, misafara ya kutoka pwani ilileta merikani, yaani pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyopewa jina la nchi ilikotoka, pamoja na kaniki nyeusi. Nguo hizo zilipunguza nafasi ya mwale kama fedha. Kisha, kuanzia mwaka 1917, serikali ya Ubelgiji iliwalazimisha wakulima wa sehemu nyingi za Kongo kulima pamba na kuiuza kwa bei wasiyoipanga wao. Hivyo Mkongo akawa mlima pamba na mnunuzi wa nguo, huku sehemu ya katikati, yaani ufumaji, ikimtoka mikononi.

2. Mgodi, ndoa na fuaye

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Katika miaka ya mwanzo wafanyakazi walichukuliwa kwa mikataba mifupi, wengi wao bila wake zao. Waliugua, walikufa au walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili siasa yake. Ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ilijenga nyumba za familia, na ilimtia moyo mfanyakazi aje na mkewe. Posho iligawiwa kwa mume, kwa mke na kwa watoto. Ndiyo maana watu wa miji hii walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na ni mama.

Mpango huo ulileta swali ambalo kampuni haikuweza kulikwepa: mke wa mfanyakazi afanye nini mchana kutwa? Kijijini alikuwa mkulima, naye alikuwa na ghala lake na sauti yake. Kambini hakuwa na shamba kubwa, na chakula kilipimwa kwa jina la mumewe. Wakuu wa kampuni na wamisionari walihofia biashara ya pombe, umalaya na ugomvi wa ndoa. Jibu lao lilikuwa sindano. Katika kambi zilifunguliwa vyumba vya ushonaji vilivyosimamiwa na watawa wa kike, pamoja na shule za kazi za nyumbani kwa ajili ya wasichana. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, miji mikubwa ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ilipata pia fuaye, yaani nyumba za mafunzo ya jamii kwa ajili ya wanawake wa mjini.

Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1990, amezieleza shughuli za fuaye ya Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kati ya mwaka 1946 na 1960. Wanawake walifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma, kupika, kupiga pasi na kulea watoto wachanga. Wasimamizi wa Kibelgiji, wakisaidiwa na walimu wa Kiafrika, walizitembelea nyumba zao ili kuona kama mafunzo yamefuatwa, na nyumba bora zilishindanishwa. Mafunzo ya Katanga yalikuwa ya aina hiyo hiyo.

Hapa inafaa tutazame jambo ambalo kwa kawaida hupita bila kutajwa. Wakati huo huo, katika mji ule ule, sindano na pasi zilikuwa pia mikononi mwa wanaume, nao walilipwa. Watumishi wa nyumba za Wazungu walikuwa wanaume. Wao ndio waliofua, waliopiga pasi na mara nyingine waliorudishia vifungo vilivyokatika. Watumishi hao wametuachia hati muhimu ya Kiswahili, ile historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya wenzake. Mafundi wa cherehani waliokaa barazani na sokoni walikuwa wanaume pia, na shule za ufundi za misheni ziliwafundisha wavulana kazi hiyo ili waishi kwayo. Kwa hiyo tofauti haikuwa katika sindano wala katika mshono. Sindano ya mwanamume iliitwa kazi. Sindano ya mwanamke iliitwa adabu.

3. Waliyofundishwa

Tukiyatazama mafunzo yenyewe, tutaona kwamba yalipangwa kwa hekima fulani. Ushonaji wa nyumbani huanza na vitu vyenye pande zilizonyooka. Mwanafunzi huchukua kipande cha pamba nyeupe, hujifunza kuingiza na kutoa sindano kwa hatua zilizo sawa, kisha hukunja upindo mara mbili ili ukingo uliokatwa ufichike ndani na nyuzi zisichomoke. Akishaweza upindo, anaweza kitambaa cha mkono. Akishaweza kitambaa cha mkono, anaweza pazia, maana pazia ni upindo uliorefushwa.

Foronya ni hatua ya pili. Hukatwa katika kipande kimoja kirefu, kipana kidogo kuliko mto. Kingo mbili fupi hupindwa kwanza. Kisha kitambaa hukunjwa, uso wa nje ukiwa ndani, na ncha moja hurudishwa juu ya nyingine kama mfuniko wa bahasha. Pande mbili ndefu hushonwa, foronya hugeuzwa, na mto hukaa ndani bila kifungo chochote. Ni kazi ya mchana mmoja, haihitaji cherehani, tena inaweza kuwekwa chini mtoto akilia na kuchukuliwa tena akilala.

Baada ya hapo hufuata kiraka, tundu la kifungo, na shati dogo la mtoto mchanga. Pia kofia na soksi za sufi zinazofumwa kwa sindano mbili ndefu. Mwisho huja kutarizi. Kitambaa cha meza hutariziwa kwa mishono ya msalaba: mshonaji huhesabu nyuzi za kitambaa, nne kwenda juu na nne kwenda kando kwa mfano, na kila msalaba lazima ulale upande ule ule, la sivyo ua litapinda. Anayehesabu nyuzi namna hiyo kwa saa nyingi anafanya hesabu, ingawa hakuna aliyempa cheti cha hesabu. Wala kuhesabu nyuzi hakukuwa jambo geni kwa mama aliyemwona bibi yake akitarizi mwale. Kilichokuwa kigeni ni kile kilichotariziwa, yaani maua ya Ulaya, na mahali kilipowekwa, yaani juu ya meza.

4. Kitambaa cha meza kama ushahidi

Meza hiyo haikuwa jambo dogo. Mwaka 1948 serikali ilianzisha kadi ya ustahiki wa kiraia, na mwaka 1952 ikapanga upya uandikishaji uliomweka Mkongo mwenye elimu karibu na haki za Mzungu mbele ya sheria. Mwombaji alihojiwa na tume, na nyumba yake ilikaguliwa. Walitazama jinsi familia inavyokula, jinsi inavyolala na jinsi mke anavyotunza nyumba. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia njia hiyo huko Stanleyville. Alikataliwa kwanza, kisha akakubaliwa mwaka 1954.

Basi tufikirie maana ya foronya iliyopigwa pasi na kitambaa cha meza chenye upindo ulionyooka mbele ya macho ya wakaguzi. Jina lililokuwa juu ya faili lilikuwa la mume. Lakini sehemu ya ushahidi ilishonwa na mke. Mke hakuandikwa popote kuwa mshindani katika mtihani huo, naye ndiye aliyekuwa ameushonea tangu miezi iliyopita.

Gharama ya siasa hiyo ilionekana mapema. Wasichana waliongozwa kwenye shule za kazi za nyumbani, huku kaka zao wakienda shule za ukarani na za ufundi. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na mwanamke hata mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu. Sophie Kanza alikuwa wa kwanza kuipata, mwaka 1964. Hatuwezi kuilaumu sindano kwa hilo. Tunaweza, hata hivyo, kuwalaumu walioitia mkononi mwa msichana na kuishika kalamu wasimpe.

5. Mshahara ulipokauka

Baada ya kampuni kutaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, na hatimaye kuitwa Gécamines, vyumba vya ushonaji havikufungwa. Siasa ya uhalisi ya miaka ya 1970 iliviongezea nguvu kwa namna yake, kwa sababu mavazi ya Kizungu yalikataliwa na kitenge kikawa vazi rasmi la mwanamke. Vipande vya kitenge vilivyobaki mezani kwa fundi havikutupwa. Viligeuka kuwa vifuniko vya mito, mashuka ya viraka ya watoto na mifuko ya sokoni.

Kisha ukaja mporomoko. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 miji iliporwa. Na mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ilicheleweshwa kwa miezi mingi, posho ikakoma, shule na hospitali za kampuni zikadhoofika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba na mama wa kila mtu alikuwa amefariki.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hasa Donatien Dibwe dia Mwembu, wameeleza jinsi madaraka ya nyumbani yalivyogeuka katika miaka hiyo. Mama aliyekuwa akipokea alianza kuleta. Wengi waliuza unga, makaa, maandazi na mboga. Lakini wale waliopitia vyumba vya ushonaji walikuwa na kitu kingine: ujuzi usiohitaji mtaji mkubwa. Kitambaa cha meza kilichokuwa pambo kikawa bidhaa. Sare za shule zilishonwa sebuleni. Vifaa vya mtoto mchanga viliuzwa kwa jirani mwenye mimba. Nguo za mitumba zilinunuliwa, zikafumuliwa, na kutokana na gauni moja la mtu mzima zikapatikana nguo mbili za watoto. Cherehani ya mkono iliyonunuliwa enzi za neema ikawa chombo cha mwisho cha thamani ambacho familia haikukubali kukiuza.

Sheria haikwenda sambamba na mambo hayo. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutenda tendo la kisheria linalomfunga binafsi, kwa mfano kutia saini mkataba. Takwa hilo liliondolewa na marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016. Maana yake ni kwamba, katika miaka yote ile ambapo nyumba nyingi ziliishi kwa jasho la mama, mama huyo alihitaji idhini ya mtu aliyekuwa akimlisha.

6. Ushahidi wa lugha

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, msamiati wa ushonaji ni hati ya historia. Maneno ya matendo ya msingi, kama kushona, kufuma na uzi, ni ya Kibantu. Kitenzi "kufuma", kilichokuwa kikitaja kazi ya kitanda cha mfumi, kilipanuliwa bila shida kikataja pia kofia ya sufi ya mtoto. Watu wa pwani huita mashine ya kushonea "cherehani", neno linalohusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Katika Kongo husikika zaidi umbo la "mashini" au "masini". Fuaye, kroshe, triko na broderi yametoka katika Kifaransa, nayo yanataja mahali pa mafunzo na mitindo iliyofundishwa huko. Tukiyapanga maneno hayo kwa matabaka, tunasoma kwamba ufundi ni wa zamani, na kwamba shule ndiyo ngeni.

Neno jingine linalostahili kuangaliwa ni "ukumbusho". Michoro ya Katanga iliyotundikwa katika sebule za wafanyakazi, kama ile ya Tshibumba Kanda Matulu, imeandikiwa vitabu, na neno "ukumbusho" limekuwa ufunguo wa kuielewa. Ni haki kabisa. Lakini chini ya mchoro huo kulikuwa na kiti, na mgongoni mwa kiti kulikuwa na kitambaa kilichotariziwa. Mchoro ulinunuliwa, kitambaa kilishonwa humo humo ndani. Chenyewe kimeandikiwa kidogo sana, ingawa nacho ni ukumbusho: wa shule, wa ndoa, wa mtoto aliyezaliwa, wa mwezi ambao mshahara haukuja.

Hitimisho

Tumeona kwamba ushonaji wa nyumbani katika miji ya Katanga ulipitia hatua tatu. Kwanza uliikuta nchi iliyokuwa na ufundi wake wa nyuzi. Pili uligeuzwa kuwa malezi ya mke wa mfanyakazi, na wakati mwingine ushahidi katika faili la mumewe. Tatu, mgodi ulipoanguka, uligeuka kuwa riziki. Waliopanga mafunzo hayo hawakukusudia hatua hiyo ya tatu. Waliiunda wanawake wenyewe.

Wanawake waliofunzwa katika miaka ya 1950 wanazidi kutuaga, na pamoja nao yanaondoka majina ya mishono, maelezo ya vigezo na hesabu za nyuzi ambazo hazikuandikwa popote. Vitambaa navyo huchakaa, hufanywa matambara ya kupangusia, kisha hutupwa. Ingefaa wanafunzi wa idara zetu za lugha na za historia waanze kuviorodhesha katika mitaa yao: kitambaa gani, nani alikishona, wapi alijifunza, kila mshono unaitwaje katika Kiswahili chake, na kiliuzwa au hakikuuzwa. Si utafiti wa gharama kubwa. Unahitaji daftari, subira na heshima mbele ya mama mzee.

Na mwanafunzi huyo atakapoulizwa siku moja mama yake alifanya kazi gani, ajibu kwamba alishona. Neno "tu" aliache.